Kanzu ya Ami Shee

Pate, Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Athman,

Leo asubuhi nimefungua mkebe wa vifungo nikakuta kile kijipande cha plastiki ya manjano hakimo. Ni kile ambacho Ami yako Shee alikikata mwenyewe kwenye dumu la mafuta ya kupikia, akakisugua sakafuni mpaka kikalainika, akawa anapigia udi. Mamako hagusi mkebe ule, na dada zako hawajui kile ni kitu gani. Basi nimejua ni wewe, na kimo ndani ya begi lako, pengine katikati ya soksi. Sikidai. Nenda nacho. Lakini kwa kuwa umekichukua bila kuniambia, nimefahamu kwamba lile jambo baina yetu halijakwisha, nawe unaondoka kesho alfajiri.

Ya safari mamako ameshakwambia yote, dawa ya tumbo na shuka na nani wa kumpigia simu ukifika Mombasa. Mimi sina la kuongeza. Umetoka kwenda kuaga jamaa, nyumba imetulia, nami nimesogeza kitambaa cha watu kando ya cherehani nikapata mahali pa kuandikia. Nataka kukujibu lile neno ulilonambia siku niliyorudi kutoka Amu kwa kadhi. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulisimama mlangoni na sare ya shule, hukuvua hata viatu, ukasema, "Ami hayafa. Ni nyinyi muliomuua." Kisha ukatoka. Sikukujibu siku ile wala siku iliyofuata, na tangu hapo mimi na wewe tunazungumza habari ya chakula na mitihani na simu kuharibika, hatugusi jingine.

Nikianza na Shee peke yake hutaelewa. Lazima nianze na wenzake wa kundi letu la taarabu.

Vitu vilivyotundikwa ukutani mwa chumba hiki umeviona tangu hujajua kutambaa, ila sidhani nimewahi kukaa nawe nikakueleza vilifikaje. Kile kipande cha utomvu mkavu chenye rangi ya halua, kilichofungwa kitambaani, kilikuwa cha Mzee Kombo. Ndicho alichokuwa akipakia nywele za upinde wa fidla ili zishike nyuzi. Ulipokuwa mdogo ulikilamba ukidhani ni halua kweli, ukalia mpaka jirani akaja kutazama. Mzee Kombo alikuwa mkulima wa tumbaku, na vidole vyake vilinuka tumbaku hata akitoka kuoga. Hakuwa mtu laini. Mimi nikikimbiza ngoma yangu, dumbaki, yeye huiteremsha fidla begani katikati ya wimbo, mbele ya wenye harusi, akanitazama tu mpaka jasho likanitoka. Lakini tukirudi nyumbani gizani hunishika mkono ndia nzima, kama mtu aliyemshika mtoto wake, nami nilikuwa nimeshaoa.

Alikufa kitandani kwake, mzee, wanawe wamemzunguka. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika, tukala wali wa hitima. Nililia, nikamaliza. Nilidhani ndivyo kifo kilivyo kwa kila mtu.

Lile koti la kijivu ni la Aboud. Ndiyo, Aboud huyu huyu muadhini. Sauti inayokuamsha alfajiri ndiyo iliyokuwa ikiwaliza mama wa maharusi. Alikuwa akisimama na koti lile limefungwa vifungo vyote katika joto la Pate, na akianza kuimba hata watoto waliokuwa wakigombania soda hunyamaza. Aliporudi Hija aliacha kuimba. Hakututukana, wala hakutuambia tunapotea. Alikuja hapa siku moja na koti mkononi akanambia, "Kaa nalo wewe. Likibaki kwangu nitalivaa." Mpaka leo akija kunywa kahawa hukaa ameligeuzia mgongo.

Na Shee.

Shee nilisoma naye chuoni, chuo cha Kurani, tukachapwa kwa bakora moja. Kazi yake ilikuwa kukwea minazi, na hilo watu wa Amu walikuwa hawaliamini wakimwona ameshika udi, kwa kuwa mkwezi viganja vyake huwa kama magome. Siku mbili kabla ya harusi huacha kukwea, akawa anaroweka mikono katika mafuta ya nazi, anakaa barazani ameikunjua kama mtu anayeomba dua. Alikuwa mrefu, mwembamba, msemaji, na mwongo wa mambo madogo. Aliwahi kukwambia kwamba alipiga udi mbele ya mfalme huko Unguja, ukaenda kuwahadithia wenzako shuleni, ukachekwa, ukarudi umenuna. Alikuomba radhi kwa kukufundisha kupiga. Ncha za vidole vyako zilitoka malengelenge, ukamficha mamako kwa kula na kijiko wiki nzima. Ulikuwa ukimwita Ami, na wageni wakidhani ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Kisha zikaja siku mbaya. Ulikuwa mdogo, lakini utakumbuka watu wakizungumza kwa sauti ya chini. Watu waliuawa huko bara, upande wa barabara, magari yakawa hayapiti ila yamefuatana na askari, tukaambiwa mtu asionekane nje usiku. Harusi zikawa zinafanywa mchana kama mikutano ya shule. Taarabu ya saa nane za mchana ni kitu cha ajabu, mwanangu. Jua kali, watu wanatazama saa wasikose boti, bibi harusi anatokwa na jasho. Vijana wakaleta spika na nyimbo kwenye simu, ikawa rahisi zaidi, na sikuwalaumu. Mzee Kombo alikuwa ameshakufa, Aboud ameshaacha. Tukabaki mimi na Shee, dumbaki na udi, na mara nyingi hatukuitwa.

Halafu kukatokea watu wa Amu waliotaka harusi ya binti yao iwe na udi kama zamani. Shee alifurahi kupita kiasi. Udi wake ulikuwa umelegea shingo, akasema ataupeleka Mombasa kwa fundi, na atanunua nyuzi mpya huko huko. Akaniletea kitambaa kizuri nimshonee kanzu ya siku hiyo, yenye darizi shingoni. Nilimpima hapa, mahali ambapo begi lako limekaa sasa. Nakumbuka alivyonyosha mikono.

"Mikono ifanye mirefu," akanambia. "Nikipiga udi hupanda juu, nikaonekana nimeazima nguo."

Nikafanya mirefu. Alipoondoka kwenda Mombasa kanzu ilikuwa imebaki darizi tu.

Hakufika Mombasa. Siku ya pili Zubeda mkewe alipiga simu yake, haikupatikana. Siku ya tatu nilivuka mpaka Mokowe kuuliza kwenye mabasi. Nilikaa pale kituoni tangu asubuhi, na ilipofika jioni akashuka utingo mmoja, kijana wa bara, akaja moja kwa moja kwangu kabla sijamuuliza. Nadhani aliniona nikimtazama kila anayeshuka. Alinipeleka nyuma ya gari, akafungua sehemu ya mizigo, akatoa udi wa Shee umezungushiwa shuka.

"Mzee, hii ni ya yule jamaa mrefu?" akaniuliza.

Akanieleza kwamba gari lilisimamishwa njiani mahali pasipo na watu. Waliingia wanaume watatu wasiokuwa na sare, wakamwita Shee kwa jina lake. Aliuliza amefanya nini, hawakumjibu. Alitaka kushuka na udi, wakamwambia auache.

"Akanipea mimi," yule kijana akasema. "Akaniambia, 'Ushike vizuri, shingo yake ni mbovu.' Hiyo tu. Gari ikaambiwa iende."

Nilimuuliza kama walimpiga. Akasema hapana, walikuwa wapole sana, na hilo ndilo lililomtia hofu. Kisha akaniomba nisimtaje kwa mtu, na sijamtaja, hata hapa nimekuandikia utingo tu.

Hao watu walikuwa nani mpaka leo hatujui. Nimesikia maneno mengi, kwamba jina lake lilifanana na la mtu mwingine, kwamba kuna aliyemchongea, kwamba walikuwa hawa, kwamba walikuwa wale. Kila aliyenambia alikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo. Mimi na Zubeda tulizunguka. Tulikwenda kwenye vituo vya polisi, tukakaa kwenye mabenchi, tukaandika jina lake, tukaulizwa umri, urefu, nguo aliyovaa. Katika kituo kimoja askari mmoja wa makamo, mtu wa bara, alifunga daftari akatutoa nje mpaka kwenye kivuli. Aliongea na mimi kwa heshima.

"Mzee wangu, huyo mtu hayuko kwa kitabu yetu. Ningekuwa naye ningekwambia, hata mimi niko na watoto. Nenda nyumbani. Na usiulize kila mahali hivi."

Zubeda alimuuliza, "Na mimi niulize wapi?" Yule askari alitununulia maji, akarudi ndani.

Tukarudi Pate. Nikamalizia darizi ya kanzu. Nilikaa nayo siku nyingi kuliko ilivyohitaji, nikaifumua shingo mara mbili, nikaianza upya. Nikaipiga pasi, nikaitundika ukutani kando ya koti la Aboud. Nilipoitundika nilijiambia kwamba nguo ikishakwisha mwenyewe huja kuichukua. Ni ujinga wa mshoni, lakini niliuamini. Mteja akiuliza kanzu ile nzuri ni ya nani, nasema ya Shee, ataichukua akija. Baada ya muda wakaacha kuuliza.

Hapa ndipo nilipokukosea wewe, na hili si la Shee, ni letu. Nilikataza jina lake kutajwa nyumbani. Ule udi mdogo aliokutengenezea nikauweka juu ya kabati, nikakwambia nyuzi zimekatika. Hazikuwa zimekatika. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulikuwa unauliza kila mtu, mpaka mabaharia wa boti, nami nikaogopa. Niliona mtoto anayeuliza namna ile atakua awe kijana anayeuliza namna ile, kwenye barabara ile ile. Nikaona afadhali unikasirikie mimi kuliko kuwakasirikia watu nisiowajua. Nilifaulu. Umenikasirikia vizuri.

Miaka ikapita minne. Zubeda alikuwa akiishi na mamake Shee, Bi Mwanaheri, na wale watoto wawili wa kike. Bi Mwanaheri alikuwa hali mpaka amepakua sahani ya mwanawe kwanza na kuifunika kawa. Asubuhi sahani hupewa maskini, na usiku hupakuliwa nyingine. Watu wakapaheshimu pale nyumbani kama msikiti. Kila aingiaye alisema neno lile lile, subirini, atakuja, Mungu ni mwema.

Siku moja Zubeda alikuja hapa. Mamako alikuwapo, amekaa pale kitandani anashona vifungo. Zubeda hakukaa. Alisema nami huku akiitazama kanzu ukutani.

"Nataka kukaa eda, kaka. Kila mtu hunambia subiri, yuwaya. Nikilia huambiwa namchuria kifo. Wenzangu wakifiliwa na waume zao huachwa walie. Mimi nataka kumlilia Shee, na hakuna anipaye ruhusa."

Mamako aliacha kushona. Nilimuuliza Zubeda kama kuna mtu aliyemposa. Lilikuwa swali la aibu na nililijua lilipokuwa linatoka mdomoni. Akajibu bila kuona haya kwamba hakuna, na kwamba kama atatokea anayejua ni Mungu. Alichotaka ni kwenda kwa kadhi, na kadhi alimtaka alete watu wawili watakaosema lini Shee alionekana mara ya mwisho, na kama pana habari yoyote iliyofika tangu hapo. Ndugu wa Shee walikuwa wamekataa. Ndiyo akaja kwangu, na kwa Aboud.

Nilikwenda kwa Aboud jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachezea tasbihi, akasema, "Mimi nikiapa nitasema sijui, kwa kuwa sijui. Na mtu haendi Amu na boti kwenda kusema hajui." Hakuwa na hasira. Akanipa kahawa. Mtu wa pili akapatikana, jirani yao.

Korti ya kadhi umeiona kwa nje. Ndani ni chumba kidogo, kina feni moja. Bi Mwanaheri alikuja, hakuna aliyemwita. Alikaa kwenye benchi la nyuma na buibui lake, mikono magotini. Niliapishwa. Niliulizwa maswali ya kawaida na nikayajibu. Alionekana lini, alikuwa na nani, umemtafuta wapi, kuna salamu yoyote, barua, simu, mtu aliyemuona. Hapana, sheikh. Hapana. Hapana. Kadhi aliandika taratibu. Nilidhani tumemaliza. Akaweka kalamu chini, akanitazama, akaniuliza jambo ambalo nadhani hakulazimika kuliuliza.

"Na wewe uliyekuwa sahibu yake. Moyoni mwako, yu hai?"

Ndilo unalolitaka, Athman, jibu langu la pale. Ulitaka kujua nilijuaje. Sikujua. Ninayo mambo ninayoweza kukwambia. Shee hakuwahi kulala nje usiku mmoja bila kuleta salamu. Akienda Faza, atamtafuta mtu yeyote wa Pate amwambie, mwambie Zubeda nimefika. Mtu wa namna ile akinyamaza miaka minne, kinywa chake kimezibwa na kitu kizito. Lakini hiyo ni dhana, na mbele ya kadhi dhana si kitu. Nilimwona Zubeda ameinamisha kichwa, anangoja. Na nilikuwa nimechoka. Kwa miaka minne kila aliyebisha hodi mlangoni petu nilimjua kwanza kuwa ni Shee, kisha nikamjua kuwa ni mtu mwingine. Nilitaka iwe basi. Kwa hiyo nilijibu kwa ajili ya Zubeda, na kidogo kwa ajili yangu. Kidogo kiasi gani, nimejiuliza mara nyingi, na bado sina hakika.

Nikasema, "Hapana, sheikh. Shee hayuko tena."

Bi Mwanaheri aliinuka, akajitengeza buibui, akatoka. Pale gatini tulimkuta amekaa juu ya gunia. Boti ilipokuja hakupanda. Zubeda alimshika mkono, akauondoa mkono wake. Aliponitazama alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei.

"Umenizikia mwanangu bila kaburi."

Akangoja boti nyingine. Nikafika nyumbani, nikakukuta wewe mlangoni.

Baada ya kadhi kuhukumu kwamba amekufa, tulimswalia Shee swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo. Safu hazikujaa. Wengine waliona ni haraka, wengine waliona haya. Aboud, aliyekataa kuapa, alikuja akasimama safu ya mbele, na tulipomaliza alikaa pale pale chini akalia kwa sauti, sauti ile ile, mpaka vijana wakatoka nje. Zubeda akakaa eda yake. Mamako alikuwa akienda kukaa naye, na husema hajapata kumwona mtu aliyelia kwa raha kama ile. Neno la ajabu, raha, lakini ndilo alilolitumia. Alipomaliza aliondoka na watoto wake wakahamia Mokowe, na mwaka wa pili akaolewa. Unajua yaliyosemwa mjini. Ulisikia, na pengine uliyaamini. Nimewahi kuingia nyumba ile. Mumewe ni mtu mpole, anauza misumari na rangi. Udi wa Shee, niliompa Zubeda, ameutundika sebuleni, ametengeneza ile shingo, na hakuna anayeruhusiwa kuushika ila mtoto mkubwa wa Shee.

Wiki moja baada ya swala ya ghaibu Bi Mwanaheri alikuja hapa. Nilisimama. Hakuitikia salamu yangu. Alinyosha kidole ukutani akasema, "Nipe nguo ya mwanangu. Akija asikute imevaliwa na mtu." Nikaitungua, nikaikunja, nikampa kwa mikono miwili. Aliifungua tena mbele yangu. Akaipima mikono kwa mkono wake mwenyewe, akaona ilivyokuwa mirefu, akanitazama. Nikamwambia Shee ndiye aliyetaka hivyo. Akaitikia kwa kichwa kuwa anajua. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosemezana naye. Tulikutana ndiani mara nyingi baada ya hapo, naye hunipita kama anavyopita ukuta.

Alikufa mwaka jana, ulipokuwa katika mitihani. Wanawake waliomwosha walimwambia mamako kwamba kanzu ilikuwa chini ya mto wake. Ilikuwa safi, imefuliwa, na kila mkunjo ulinukia ubani. Jirani yake akasema alikuwa akiifukiza kila Alhamisi jioni ili Ijumaa iwe tayari. Wakaileta kwangu, kwa kuwa hawakujua waipeleke wapi. Ndiyo ile iliyorudi ukutani. Uliiona siku uliporudi kutoka shule, ukasimama, ukaipita. Nilikuwa nakutazama kwenye kioo cha kabati.

Nimeishi na mawazo kwamba mmoja kati ya wanawake wale wawili lazima awe amekosea, na kwamba nikishamjua ni yupi nitajua kama nilifanya vizuri au vibaya. Nimeacha kutafuta. Zubeda alikuwa na haki ya kulia, na Bi Mwanaheri alikuwa na haki ya kupakua sahani. Mimi nilimpa mmoja haki yake kwa kumnyang'anya mwenzake, na hakukuwa na ndia ya tatu. Kama ilikuwapo sikuiona, na wewe ukija kuiona nitafurahi unionyeshe. Utakuwa mtu mzima, kuna siku utaulizwa neno ambalo jibu lake litamuumiza mtu mmoja likimponya mwingine. Sina la kukufundisha juu ya siku hiyo. Nakwambia tu kwamba itakuja, na kwamba baada yake utaendelea kula, kulala na kushona nguo za watu.

Vitu vya ukutani nitabaki navyo. Mamako anataka niviweke ndani ya sanduku, anasema vinakusanya vumbi na vinamtia unyonge. Nimemwambia nitafikiri. Ule udi mdogo juu ya kabati una nyuzi zake zote. Ukitaka kwenda nao nenda nao, ukitaka ubaki utabaki. Usiutupe tu.

Kesho barabarani mtasimamishwa. Toa kitambulisho, jibu unaloulizwa, usiongeze. Na ukishakaa kwenye kiti, mjulishe aliye kando yako jina lako, na la kwenu, na unakokwenda. Mwambie na utingo. Wataona ni ushamba wa watu wa kisiwani. Wacha waone hivyo.

Nimesikia mlango wa uani, nadhani umerudi. Nina neno moja limebaki. Mjini kuna watu wanaoniona mimi shujaa kwa sababu nilisema mbele ya kadhi jambo ambalo wengine walilikwepa. Hata mamako huniona hivyo. Wewe usiwaamini. Shee alikuwa sahibu yangu, nikaweza. Wewe likikupata jambo, Mungu apishie mbali, waniite korti, waniite mara mia, waje wanichukue na boti yao, sitakwenda. Sitaapa. Nitakungoja mpaka nife mimi kwanza.

Babako